Daftari Bila Mali

Jioni moja ya msimu uliopita wa korosho niliitwa mshamba mbele za watu. Tulikuwa kijiweni hapa Mpapura, wengine wanacheza bao, wengine wanasubiri kusikia bei ya mnada, na mimi nimeshika diski ya gemu ya mpira ambayo nilikuwa nairudisha kwa mwenyewe. Kijana mwenzetu mmoja aliyekuja likizo kutoka Dar es Salaam akaitazama ile diski kama mtu aliyeona panya aliyekufa. Akasema, "Kaka, bado mnatembea na masahani? Mjini sasa hivi kila kitu kipo kwenye akaunti. Unalipia, unashusha, unacheza. Diski ni ushamba." Watu wakacheka. Na mimi nikacheka. Hapo ndipo nilipokosea.

Majibu yote yalinijia usiku nimelala, kama yanavyomjia kila mtu aliyeshindwa kubishana mchana. Mdomoni si hodari. Lakini kalamu ninayo, kaunta buku ninayo, na kwa kuwa Mhariri amenipa kurasa hizi, namjibu yule bwana humu humu, pamoja na wote waliocheka, nami mwenyewe nikiwemo.

Hoja yangu ni fupi. Kitu usichoweza kumwazima mtu, usichoweza kukiuza, usichoweza kumwachia mtu siku ukifa, si chako, hata kama umekilipia. Gemu iliyo kwenye diski ni mali. Gemu iliyo kwenye akaunti ni ruhusa. Wahenga walituonya kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Hawakuwahi kufikiri kwamba kuna siku watu watauziwa daftari tupu, bila mali ndani yake, na kushangilia.

Nianze na mjomba, maana kwetu Umakondeni habari ya mali kwa desturi ilianzia kwa mjomba. Wazee wetu walihesabu ukoo kwa upande wa mama, na mpwa alikuwa mtu mkubwa kwa mjomba wake. Mjomba wangu mimi alikuwa machinga Kariakoo. Alipozidiwa na maradhi akarudi nyumbani na mabegi mawili. La kwanza lilikuwa la nguo. La pili lilikuwa na PlayStation 2, padi mbili ambazo waya zake zimeviringishwa tepu nyeusi, memori kadi moja, na diski kumi na moja ndani ya mfuko wa kitenge. Akafungua kibanda. Mechi moja shilingi mia mbili, ukifungwa unampisha mwenzako.

Nakiri mapema kabla sijaumbuliwa: diski nyingi katika zile kumi na moja zilikuwa za kuchoma, majina yameandikwa kwa kalamu nene ya wino. Hatukujua kama kuna za namna nyingine. Sijitii utakatifu. Ila tangu nianze kuandika riwaya yangu, na kuwaza mtu akiitoa kopi na kuiuza bila kuniuliza, nimeacha. Sasa nanunua diski halali zilizokwishatumika, na ndizo ninazozitetea hapa. Anayedhani natetea wizi hajanisoma.

Mjomba alifariki nikiwa kidato cha tatu. Baada ya arobaini wazee wakakaa wakagawa. Baiskeli kwa huyu, redio kwa yule, mashine ya gemu na mfuko wake kwangu. Shughuli haikuzidi dakika tano. Hakuna aliyeuliza neno la siri. Usiku ule nikaiwasha, nikachomeka memori kadi, nikaikuta timu aliyoitengeneza mwenyewe. Aliiita Mpapura. Kila mchezaji amebatizwa jina la mtu wa hapa kijijini. Golikipa alikuwa bibi. Namba tisa nilikuwa mimi. Nililia, na anayetaka kucheka tena na acheke.

Sasa niambieni ninyi mnaoyajua mambo ya mjini. Mjomba angekuwa na akaunti, wazee wangegawa nini? Swali hili si la kwangu peke yangu. Mei 2024 mteja mmoja wa Steam, lile duka kubwa la gemu za kompyuta, aliuliza kama anaweza kuiacha akaunti yake katika wosia. Akajibiwa kwamba akaunti na gemu zilizomo hazihamishiki, na wosia hauwezi kuzihamisha. Yaani mtu anakusanya gemu miaka ishirini, anafumba macho, na zote zinafumba naye. Kwa mila ya Kimakonde, Kimakua, Kiyao, taja uipendayo, mali isiyo na mrithi ni mkosi. Wenzetu wameifanya kuwa kanuni ya duka.

Mtasema mimi naogopa nisichokijaribu. Nimekijaribu. Mwaka 2022 baada ya kuuza fungu langu la korosho nilikwenda mjini Mtwara nikanunua PlayStation 4 iliyokwishatumika. Muuzaji, ambaye jina lake nalihifadhi, aliniambia ina gemu kumi na nne "zimo ndani ya akaunti", na akanipa diski mbili juu yake kama nyongeza. Nyongeza! Nilirudi nyumbani nikijiona tajiri. Nikafufua kibanda cha mjomba, wateja wakajaa. Mwezi wa nne nikawasha mashine nikakuta kila gemu ina picha ya kikufuli. Kumi na nne, kufuli kumi na nne. Nilipompigia muuzaji akanijibu bila wasiwasi, "Akaunti imebadilishwa neno la siri na mwenyewe."

Mwenyewe! Neno lile linaniuma hadi leo. Kumbe muda wote alikuwepo mwenyewe, na hakuwa mimi. Kibanda kilisimama kwa zile diski mbili za nyongeza. Ndizo zilizolipa umeme, na ndizo zilizoninunulia kaunta buku mbili ninazoandikia riwaya.

Najua mtakaponishika. Mtasema, "Wewe ulitapeliwa na mtu, kampuni ina kosa gani?" Sawa kabisa. Tumwache tapeli, tuingie kwenye duka halali kwa mlango wa mbele.

Mlango wenyewe hautujui. Unapofungua akaunti ya PlayStation unaulizwa uko nchi gani, unachagua kwenye orodha, na Tanzania haimo. Vijana wote mnaowaona na akaunti hizo wamejiandikisha kuwa wako Marekani, Uingereza au Afrika Kusini. Wamedanganya makazi yao ili waruhusiwe kulipa. Mei hiyo hiyo ya 2024 dunia ililiona jambo hili waziwazi. Sony ilitaka wachezaji wa Helldivers 2 kwenye kompyuta waunganishe gemu yao na akaunti ya PlayStation, wakati huduma hiyo haipo katika nchi nyingi walizokuwa wakiishi. Gemu ikaondolewa sokoni katika nchi zaidi ya 170. Wachezaji walipiga kelele, Sony ikaliacha sharti lenyewe, lakini somo lilibaki. Kwa duka lile, mtu wa Mpapura hayupo duniani. Machinga anayepita na diski kwenye boksi anajua kwamba nipo. Diski ya PlayStation 4 haikuulizi umezaliwa wapi.

Tuseme umevuka mlango, kwa uongo au kwa kuishi ughaibuni. Umelipa. Umenunua nini? Jimbo la California nchini Marekani, ambako kampuni nyingi za kazi hii zina makao, lilipitisha sheria mwaka 2024, ikaanza kufanya kazi mwaka 2025, kwamba muuzaji wa bidhaa kama hizi asitumie neno "nunua" bila kumweleza mteja waziwazi kwamba anachopata ni leseni. Hebu fikiri. Ilibidi itungwe sheria ili mtu aambiwe kwamba hajanunua alichonunua.

Leseni hufa. Gemu ya magari ya Ubisoft iitwayo The Crew ilitoka mwaka 2014. Tarehe 31 Machi 2024 seva zake zikazimwa, na waliolipa wakabaki na picha ya jalada. Na hapa niseme ukweli unaoniumiza: waliokuwa na diski nao waliumia, kwa sababu gemu ile ilitengenezwa isiweze kuchezwa bila seva. Kwa hiyo si kila diski ni diski. Nintendo Switch 2 iliyotoka 2025 ina baadhi ya gemu ambazo kadi yake unayoishika mkononi haina gemu ndani. Ina ufunguo tu wa kuruhusiwa kuishusha. Umeuziwa boksi la kiatu, kiatu ukakichukue kwenye mtandao. Mimi sipiganii plastiki. Napigania kile kinachotakiwa kuwemo ndani ya plastiki.

Tuje nyumbani, mpate mfano ambao hakuna mtu wa Mtwara atasema haujui. Tangu msimu wa 2007/2008 huku kwetu korosho zinauzwa kwa stakabadhi ghalani. Mkulima anapeleka magunia chama cha msingi, yanapimwa, yanakwenda ghala kuu, kinachobaki mkononi ni karatasi. Nani hapa hajamsikia baba yake au shangazi yake akiitukana ile karatasi? Malipo yamechelewa, makato mengi, kilo zimepungua njiani. Tunaishuku kwa sababu karatasi si korosho. Lakini hata hiyo karatasi tunayoitukana ina heshima kuliko akaunti ya gemu. Inataja kilo ngapi, daraja gani, ghala lipi. Aliyeshinda mnada anakwenda na lori, anapakia. Mwisho wa karatasi ni korosho. Mwisho wa akaunti ni nini? Ni akaunti. Na wale wale wanaokesha wakiilalamikia stakabadhi ndio walionicheka kijiweni kwa kushika korosho yenyewe mkononi.

Sasa niwape wapinzani wangu haki yao, nisije nikaitwa mbishi wa bure. Wanasema diski inakwaruzika. Kweli, na huku pwani chumvi na unyevu vinakula kila kitu. Mbili za mjomba zimekufa. Lakini zilikufa mbili, tisa zikabaki. Akaunti ilikufa mara moja na gemu kumi na nne. Wanasema gemu za mtandaoni hushushwa bei sana. Kweli, ila bei hiyo haina bando. Gemu moja ya siku hizi inaweza kufika GB 50, nyingine hupita 100. Piga hesabu ya bando lako la wiki, kisha uniambie ipi rahisi. Diski ya PlayStation 4 inabeba hadi GB 50, na kuileta kutoka mjini ni nauli tu, tena ndani ya gari lile lile umekuja na sabuni na unga.

Wanasema tena, na hapa wananigusa, kwamba mtandao umempa nafasi kijana masikini atengeneze gemu bila kiwanda cha diski. Ni kweli tupu. Mwaka 2016 Kiro'o Games ya Cameroon ilitoa Aurion na kuiuza kupitia Steam. Aprili 2024 ilitoka Tales of Kenzera: Zau, iliyoongozwa na Abubakar Salim, Mwingereza mwenye asili ya Kenya, gemu ya kijana anayeombolezea baba yake, na wahusika wake wanaweza kusemeshwa Kiswahili. Kiswahili ndani ya gemu, jamani! Mwenyewe ameeleza kwamba aliitunga kutokana na kifo cha baba yake. Ninamvulia kofia. Lakini ndiyo maana nasikitika zaidi. Gemu ya msiba na urithi, nami nikiilipia kwenye akaunti siwezi kumrithisha mdogo wangu.

Wapo pia wa kusema gemu ukiisha kuishusha inacheza bila mtandao. Mara nyingi ndivyo, mpaka siku mashine inapotaka kuhakikisha leseni, au unapobadilisha mashine, au inapojaa ukafuta moja ili ushushe nyingine. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za intaneti za chini ya bahari zilikatika na nchi nzima ikahangaika. Kuanzia tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ilizimwa nchini kwa siku kadhaa. Siku kama hizo ndipo unapojua kipi ulichonacho na kipi ulichoruhusiwa. Nguo ya kuazima haistiri maungo.

Mtauliza: hili ni jarida la waandishi, gemu zinatuhusu nini? Zinatuhusu sana, kwa sababu kilichoanza kwa gemu kimekwisha kufika kwenye vitabu. Julai 2009 Amazon iliingia kwenye vifaa vya Kindle vya wasomaji wake ikafuta nakala walizokwisha kuzilipia za vitabu viwili vya George Orwell, Nineteen Eighty-Four na Animal Farm, kile tunachokijua sisi kama Shamba la Wanyama. Sababu: aliyeviweka dukani hakuwa na haki navyo. Pesa walirudishiwa, na mkuu wa kampuni, Jeff Bezos, akaomba radhi. Mwanafunzi mmoja wa Marekani alikwenda mahakamani, maana maelezo aliyokuwa ameandika kuhusu kitabu yalibaki bila kitabu. Mwaka 2019 Microsoft nayo ilifunga duka lake la vitabu, na vitabu vikatoweka kwa wasomaji, pesa zikarudishwa. Pesa, pesa! Nani aliomba pesa? Muuza vitabu wa Mtwara mjini akija usiku chumbani kwangu, akachukua riwaya kwenye rafu na kuniachia noti mezani, mtamwita mfanyabiashara mwaminifu?

Mimi riwaya ya Njama ya Elvis Musiba niliisoma kwa nakala isiyo na jalada wala kurasa nne za mwanzo. Iliyotoka 1981, kabla sijazaliwa. Ilikuwa imepita mikononi mwa watu wasiohesabika. Mmoja ameandika pembeni deni lake la sukari, mwingine amepigia mstari maneno ya mapenzi. Vitabu vya Ben Mtobwa hali kadhalika, nimevipata kwa kuazima kwa mtu aliyeazima. Hakuna duka lililoniletea. Walioniletea ni watu waliokuwa na haki ya kuazima mali yao. Kama riwaya hizo zingekuwa leseni, mimi nisingekuwa mwandishi, na wengi wenu mnaosoma hapa msingekuwa waandishi. Sisi sote ni watoto wa vitabu vilivyoazimwa.

Na vikiachwa mikononi mwa maduka, vitu hufa. Mwaka 2023 shirika la Marekani linalohifadhi historia ya gemu, Video Game History Foundation, lilichunguza gemu zilizotoka nchini humo kabla ya 2010 likakuta asilimia 87 hazipatikani tena madukani. Zinazoishi zinaishi kwa sababu mtu mahali fulani ana mfuko wake wa kitenge.

Basi tufanye nini? Kwanza, kabla hujatoa shilingi jiulize maswali matatu. Naweza kumwazima rafiki? Naweza kuuza nikikwama? Itacheza siku ambayo bando limekata na nchi nzima haina mtandao? Ukipata "hapana" tatu, lipa kama unavyolipia kiingilio cha mpira, kwa furaha ya siku ile, ila usiseme umenunua. Pili, wenzangu waandishi, wekeni kazi zenu mtandaoni, sikatai, lakini toeni na za karatasi, hata kama ni nakala ishirini za stesheni zilizobanwa pini. Ishirini zikiazimwa vizuri husomwa na mia mbili.

Tatu, tuache kucheka tunapochekwa. Mwaka 2013 Microsoft ilitangaza kwamba Xbox One itaweka masharti kwenye gemu zilizokwishatumika, na kwamba mashine itabidi iingie mtandaoni kila baada ya saa 24. Watu wa kawaida walikasirika, wakasema wazi, na kabla mwezi wa Juni haujaisha kampuni ikarudi nyuma. Mwaka 2025 zaidi ya watu milioni moja Ulaya walitia saini kudai gemu zilizouzwa zisiuawe. Hao nao ni washamba?

Yule bwana wa Dar nampenda, ni ndugu. Msimu ujao akija, aje na akaunti yake, mimi nitakuja na diski ya mjomba. Tukae pale pale kijiweni. Mtoto wa kwanza atakayepita na kusema "kaka naomba niazime", tuone nani kati yetu atakayeweza kunyoosha mkono.

Naomba kutoa hoja.